Mti Alioukataa Ng'ombe Wetu

Juzi nilikwenda kumtembelea rafiki yangu aliyehamia nyumba mpya pale Arusha. Sebuleni, kwenye kizingiti cha dirisha, ameweka chungu chenye mmea wa kijani uliosimama wima, una pembe na miiba. "Hiyo ndiyo kaktasi yangu," aliniambia kwa fahari. "Haitaki maji, haitaki matunzo, mtu mvivu kama mimi ndiyo saizi yake." Alipokwenda jikoni kuangalia chai, nilisogea nikaukwaruza ule mmea kwa ukucha. Palepale likatoka tone jeupe, zito, likaanza kuteremka. Nikaenda kunawa mikono. Nikanawa tena kwa sabuni, nikasugua na kucha, na rafiki yangu aliporudi na sinia alinikuta bado niko kwenye sinki, akauliza nimeshika nini.

Nilimwambia tu kwamba ile si kaktasi, asiiweke mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Akacheka, akasema siku hizi nimekuwa na maneno kama bibi kizee. Sikumlaumu. Mama yangu tumemzika si muda mrefu, na tangu hapo vitu vidogo vidogo vinanirudisha Karatu bila kuniomba ruhusa. Siku ile ilikuwa ni harufu: harufu mbichi ya utomvu, yenye ukali unaokaa nyuma ya pua. Nilikunywa chai ile nikiwa hapo kitini kwa mwili tu.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba na mama walitoka Rombo, Kilimanjaro, wakafuata kazi ya watalii wakati Karatu ilikuwa bado barabara moja ya vumbi yenye maduka pande zote mbili. Baba alikuwa dereva wa watalii. Mama alikuwa na ng'ombe. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyojieleza kwa watu, kama vile ng'ombe ni cheo. Kwetu mlimani ng'ombe hatoki nje. Anakaa bandani, chakula kinamfuata, na mwanamke hupimwa kwa ukubwa wa mzigo wa majani anaorudi nao kichwani. Mama aliuhamisha utaratibu huo mzimamzima mpaka Karatu, mahali ambapo ng'ombe wa majirani walikuwa wanatembea kutwa nzima wakijitafutia.

Ng'ombe huyo aliitwa Malkia. Mama Tluway, jirani yetu Mwiraqw ambaye uzio wake ulipakana na wetu, hakuchoka kumtania mama. "Mama Manka, huyu ng'ombe wako ni mgonjwa, au amefungwa jela?" Mama alikuwa anajibu kwamba Malkia ni mke wa mtu, hazururi. Walicheka, wakabadilishana chumvi na moto, na jioni Mama Tluway alikuwa anakuja na kikombe kuchukua maziwa ya yule yule mfungwa.

Halafu mvua zikakata. Kwanza zilichelewa, watu wakasema zitakuja. Kisha zikawa zinakuja upande wa msitu wa Ngorongoro tu, tunaziona kwa mbali zikinyesha juu ya miti mikubwa na kutuacha sisi na vumbi. Maji ya bomba yalikoma. Mama alikuwa anapanga foleni ya dumu moja tangu alfajiri, na akirudi anatafuta majani ya ng'ombe mpaka mashamba ya ngano, anaokota mabua ambayo hata mbuzi walikuwa wameshayapitia. Rombo angekata mgomba, akaupasua, Malkia akala na kushiba maji humohumo. Karatu hapakuwa na migomba ya kutosha hata kwa watu. Mbavu za Malkia zikaanza kuhesabika. Mama akaacha kuimba wakati wa kukamua, na mimi, ambaye nilikuwa bado mdogo wa kutumwa dukani kwa kuimbishwa kitu cha kununua nisije nikasahau, nilijua kwamba kukiwa kimya bandani mambo si mazuri.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu madereva wa wakati ule. Wengi hawakusomea kazi ile. Simba na tembo waliwajua, lakini majina ya miti na ndege wadogo waliyaokota kutoka kwa wageni wenyewe, mgeni mmoja akamfundisha dereva, dereva akamwambia mgeni wa kesho kama vile alizaliwa nalo. Na mgeni hakuwa mtu wa kubishiwa. Akisema kitu, unaitikia ndiyo, unakanyaga mafuta. Ukutani mwa kreta ya Ngorongoro, lile shimo kubwa la wanyama, pale magari yanaposhuka, kumejaa miti mirefu isiyo na majani, matawi yake yamesimama kuelekea juu, ina pembe na miiba. Wageni waliiita kaktasi. Basi madereva wakaiita kaktasi, na wake zao na watoto wao nyumbani wakaiita kaktasi. Mama Tluway alikuwa na jina lake la Kiiraqw la mti huo, na alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa, lakini hatukuwahi kumuuliza maana yake.

Jioni moja baba alirudi kutoka kreta akiwa mchangamfu. Tulikuwa tunakula makande. "Leo nilibeba mzee mmoja wa Amerika, wa huko kwao jangwani, kofia yake pana kama ungo," alisema. "Tulipoanza kushuka akaziona zile kaktasi. Alifurahi huyo, kama amekutana na shemeji yake. Anasema kwao ukame ukiwa mkali wanaichoma miiba kwa moto, ng'ombe wanakula, wanashiba na kiu inaisha."

Mama aliacha kutafuna. "Zile zile?"

"Zile zile," alisema baba, kijiko kiko mdomoni. "Si ziko hata hapo korongoni nyuma ya kiwanda cha matofali."

Akaendelea na hadithi ya kifaru, na mimi nikasikiliza ya kifaru. Asubuhi aliondoka na wageni kwenda Serengeti, safari ya siku kadhaa.

Siku iliyofuata mama alichukua panga na gunia, tukaenda korongoni. Mti ulikuwa umesimama peke yake ukingoni, wa kijani kibichi wakati kila kitu kingine kilikuwa rangi ya udongo. Ukiangalia kitu kama kile katikati ya ukame unaona ni Mungu amekuwekea akiba. Mama aliniambia nikae mbali. Akakata tawi la kwanza, na utomvu mweupe ukachuruzika kama bomba limepasuka. Mama akageuka akanitazama, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Unaona? Una maziwa. Huu utamwongezea maziwa." Alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani, na bahati, pale mtini, ilimsaidia.

Nyumbani aliwasha moto wa mabua akaunguza miiba kama alivyoambiwa. Moshi ulikuwa mbaya, ulinuka kama mpira unaoungua, ukatufukuza wote wawili tukakohoa. Kisha akaweka vipande kwenye hori. Malkia alisogea na njaa yake yote. Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma, akapuliza kwa nguvu, akaenda kusimama kwenye kona ya banda akitupa mgongo.

Mama alikasirika. Sijui kama ninyi mmewahi kuona mtu akimkasirikia ng'ombe, lakini mama alimsema Malkia kama anavyosemwa mtoto anayechagua chakula. Alimwambia ana maringo, akamwambia wenzake wa Endulen, kule Umasaini, wanakufa kwa njaa na yeye analetewa mezani. Akaamua kwamba shida ni ukubwa wa vipande. Akauweka mzigo mzima wa matawi juu ya gogo, akavua kanga ya kichwani kwa sababu ya joto, akaanza kukatakata vidogovidogo ili achanganye na pumba na chumvi. Panga lilipanda na kushuka. Halafu likaanguka chini, na mama akashika uso kwa mikono yote miwili. Mikono yenyewe ilikuwa imelowa utomvu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Manka, lete maji." Dumu lilikuwa na maji kidogo tu chini, yaliyobaki ya kupikia. Nilimmwagia yote, yakaisha kabla hajamaliza kusema Yesu wangu. Nikakimbia kwa Mama Tluway. Alikuja mbio na sufuria ya maziwa, kwa sababu na yeye hakuwa na maji, akamlaza mama chali kwenye vumbi akammiminia maziwa machoni, akisema maneno ya Kiiraqw na Kiswahili pamoja. "Mama Manka, ule hatuugusi. Ule hata fimbo yake hatukati. Ulimuuliza nani?" Baadaye hospitalini walisema maziwa si kitu cha kumwagia jicho, na majirani wengine wakasema bila maziwa yale angepofuka palepale. Mabishano hayo sijayasikia mwisho wake mpaka leo.

Hospitalini walimfunga bandeji macho yote mawili. Nilikaa na mama wodini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia, nikimshika mkono kumpeleka msalani, nikimlisha uji. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba aligeuza uso upande ambao sipo anapozungumza nami. Daktari alisema ni kusubiri. Mama alikuwa anauliza habari za Malkia tu, na Mama Tluway, aliyekuja kila siku, alimjibu kwamba ng'ombe sasa anatembea na wale wa kwake, amejifunza kuzurura.

Baba alifika moja kwa moja kutoka safarini, vumbi la Serengeti likiwa bado kwenye nyusi. Alisimama miguuni mwa kitanda na kofia mkononi. Mama alimjua kwa viatu.

"Baba Manka."

"Nini hiki, mama? Wameniambia pale getini, sikuelewa."

"Nililisha ng'ombe kaktasi."

Baba akasema neno ambalo naamini alilijutia kabla halijamaliza kutoka. "Mimi nilisema kwao huko. Sikusema ukakate."

"Nilikuuliza," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Nikakuuliza, zile zile? Ukaniambia zile zile."

Baba alinitazama, kama vile mimi ndiye ningemwambia alisema nini. Nikaangalia sakafu. Kulikuwa na mgonjwa mwingine upande wa pili, mwanamke wa Kimaasai aliyekuja na shanga zake zote, naye alikuwa ameacha kuongea na mwanawe ili asikilize. Baba akatoka nje akasimama kwenye veranda mpaka muda wa kuwatazama wagonjwa ukaisha.

Tangu siku hiyo baba alianza kuwauliza wageni. Hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kujibu. Sasa kila kundi alilobeba aliwauliza kuhusu mti ule, mpaka akampata mama mmoja mzee aliyekuwa anafundisha habari za mimea chuoni kwao. Alirudi na maelezo akaja kuyasema pale wodini, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Kwamba miti ile ya kreta si kaktasi. Kwamba kaktasi ni ya Amerika, na ile iliyofika kwetu ni mpungate, mpungate huu huu uliozunguka ua wa kanisa, ambao sisi watoto tulikula matunda yake tukabaki na miiba midomoni. Ukichoma miiba yake, kweli ng'ombe anakula. Ule wa korongoni ni wa ukoo mwingine kabisa, ndugu wa minyaa na muhogo, na utomvu wake ni sumu.

"Sasa mbona wamefanana hivyo?" aliuliza mama kutoka ndani ya bandeji zake.

"Jua," alisema baba. "Anasema jua la kule na jua la huku limewafanyia kazi moja. Kila mmoja kwake alikuwa na kiu, akatupa majani, akaweka maji kwenye shina, akaota miiba asiliwe. Bahari iko katikati, hawajawahi kuonana. Wamefanana tu. Hawana undugu wowote."

"Kumbe chakula kilikuwa pale kanisani," alisema mama. Nadhani angepiga kelele ingekuwa nafuu kwa baba.

Mimi maneno yale yaliniingia vibaya. Mpaka siku hiyo nilikuwa najua kitu kimoja kwa uhakika: wanaofanana ni ndugu. Nyumbani kwetu hilo halikuwa na mjadala. Wageni kutoka Rombo walipokuja, kabla ya kuketi, walinishika kidevu wakasema paji la uso hili ni la baba yake, masikio haya ni ya babu. Ndivyo nilivyojua mimi ni wa nani. Sasa baba mwenyewe anasema vitu vinaweza kufanana kila kitu na visiwe ndugu, kwa sababu tu vimepigwa na jua moja. Na sisi pale Karatu tulikuwa tunapigwa na jua moja. Wazazi wangu walikuwa hawazungumzi ila kwa lazima, baba alilala kwenye gari, na mimi nikajenga wazo kwamba huenda paji la uso langu halina maana yoyote, kwamba huenda sisi watatu tumefanana tu, na mama akipona kila mtu atakwenda kwao. Nilijitazama kwenye kioo cha gari la baba mpaka macho yakaniuma.

Sikuweza kulibeba. Siku moja mchana, wodi ikiwa imetulia, nilimuuliza mama kama mimi nimefanana na baba kweli. Hakucheka. Akaniambia nisogee, akanyoosha mikono akanipapasa uso, taratibu, kuanzia kwenye nywele. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya utomvu. Akapita kwenye paji, akashuka puani, akakaa sana kwenye mashavu. "Uso huu mimi nimeuzaa," alisema. "Nitaujua hata nikiwa gizani, na gizani ndiko niliko. Nani amekuambia maneno?" Nilisema hakuna. Nikalia kimyakimya ili asijue, na bila shaka alijua, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado shavuni.

Siku ya kufungua bandeji baba alivaa shati la kanisani. Daktari alifungua moja, akafungua nyingine, akafuta kwa pamba. Mama alipepesa macho, yakatoka machozi. Akamtazama baba muda mrefu, akasema, "Umekonda." Baba alikaa chini palepale kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Nesi akacheka, mimi nikacheka, hata daktari. Daktari akamwita baba pembeni wakazungumza, kisha akasema mama arudi baada ya wiki kadhaa wapime jicho mojamoja. Mama alisema sawa. Hakurudi. Alisema anaona vizuri, akasema majani hayajikati yenyewe.

Mvua zilinyesha, Malkia akarudi jela yake. Ndipo nilipoanza kuona mambo. Mama alimimina chai pembeni ya kikombe. Alitundika ungo kwenye msumari na ungo ukaanguka. Nikija kutoka kulia alinisemesha kabla sijafika. Nikija kutoka kushoto alishtuka kama nimemrukia. Mtoto hahitaji daktari kwa jambo kama hilo. Nilifumba jicho langu la kushoto nikajaribu kutembea bandani, nikajigonga kwenye nguzo ile ile aliyojigonga yeye.

"Mama, jicho hili halioni."

Alikuwa anakamua. Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kuingia kwenye ndoo. "Linaona ukungu," alisema. Halafu akaacha kukamua. "Manka, usimwambie baba yako. Unasikia? Ile barabara ya kushuka kreta inataka mtu aliyetulia moyo. Akijua atakuwa anaendesha huku ananifikiria. Mimi nina jicho lingine. Yeye akiteleza pale hana maisha mengine."

Nilikubali. Nilikuwa naogopa barabara ile kuliko kitu chochote duniani, na nilijiona nimekabidhiwa usukani wa gari la baba. Nikaanza kutembea upande wake wa kushoto, sokoni, kanisani, kwenye misiba. Watu walisema mtoto huyu anampenda mama yake, haachi ubavu wake. Ukilitazama, jicho lile lilifanana na lenzake. Lilikuwa na weusi wake na weupe wake, likapepesa, likalia lenzake likilia. Ukungu ulikuwa mwembamba, ungeuona tu ukimweka mama upande wa dirisha na ukijua unachotafuta.

Miaka ilikwenda. Baba akawa dereva mwenye jina kwa maelezo ya mti ule. Nikiwa sekondari alinichukua likizo moja kwenye gari lake, nafasi ikiwepo, nikamsikia kwa masikio yangu. Alisimamisha gari kwenye kona, akangoja mgeni mmoja atamke neno kaktasi, akatamka, kama kawaida yao. Ndipo akaanza, taratibu, habari ya koo mbili ambazo hazijawahi kuonana. "Usiamini umbo," aliwaambia. "Umbo ni jua tu. Kata uone kinachotoka." Mgeni mmoja akamuuliza amejifunza wapi. Akasema kwa mke wake. Wageni walipenda jibu hilo. Mimi nilitazama nje nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi: mtu anajua kuusoma mti ulio ukutani mwa kreta, na aliyelala naye kitanda kimoja hajamsoma. Wakati huo alikuwa ameshapata kikohozi, kikohozi kikavu cha vumbi, kila akiingia nyumbani lazima akohoe mlangoni. Mama alimchemshia tangawizi miaka nenda rudi.

Mama alipougua ugonjwa uliomchukua, nilikuwa naye. Mwishoni alizungumza kidogokidogo, mambo ya Rombo, mambo ya Malkia. Siku moja baba akiwa ametoka kutafuta dawa, alisema, akiangalia dari, "Baba yako ni mtu mzuri." Nikasema ndiyo. "Lakini maisha yote hajawahi kuniangalia sawasawa usoni. Angeniangalia angeona. Mimi nilimficha, ndiyo. Lakini si miaka yote hiyo, Manka. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja aone." Nilimfuta mdomo.

Tulimzika Rombo, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba aliyoililia wakati wa ukame. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wametawanyika, nilimkuta baba akipunguza majani makavu ya migomba karibu na kaburi. Mtu mzima, mvi zimejaa, panga mkononi. Niliona hakuna tena barabara ya kuogopa. Nikasema, "Baba, jicho la mama la kushoto lilikuwa halioni. Tangu ile siku."

Aliendelea kukata jani moja mpaka likaanguka. "Najua."

"Alikuambia?"

"Wiki ile ile aliyotoka hospitali. Alimimina chai mezani, akafuta haraka kabla sijaona. Nikaona." Akaegemea mgomba. "Unadhani kile kikohozi kilikuwa vumbi? Nilikuwa nakohoa ili asishtuke nikija upande ule. Tangawizi ile yote nimeinywa sina ugonjwa."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Yeye alitaka nisijue. Nikaona nimpe hilo, maana mimi ndiye niliyemharibia. Daktari aliniambia siku ile, ukungu ukibaki mpeleke Moshi mapema, wanaweza kujaribu kitu. Nilingoja aniambie mwenyewe. Nikasema akiniambia tu, kesho yake tunapanda gari. Mwaka ukapita, na mwingine. Baadaye nikaona aibu kusema kwamba nilikuwa najua."

Alilia bila kujifuta. Nilitaka kumshika na nilitaka kumpiga, vyote kwa mkono uleule. Mtu mmoja amengoja aonekane, mwingine amengoja aambiwe, katika nyumba ya vyumba viwili, mpaka jicho likaoza kwa adabu. Na mimi katikati yao nikitembea upande wa kushoto.

Baba akajikaza. Akaokota panga, akalifuta tope kwa kidole gumba, akauliza bila kunitazama, "Wewe ndiye uliyekuwa naye mwishoni. Alikuambia chochote kuhusu mimi?"

"Alisema wewe ni mtu mzuri."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, baba."